Benchi la Chumba Namba Saba

Mtito Andei,
9 Machi 1997

Kwako Susu, Mbula mkubwa,

Nakusalimu wewe, nawasalimu mbuzi wako, na namsalimu binti yangu Nthenya ingawa hajajibu barua yangu ya Krismasi. Mwambie mtoto wa darasa la sita anayekula kwa nyanya ya baba yake na kulala kwa bure anaweza kupata dakika tano za kumwandikia mama yake. Samahani, nilitaka kusema anakula kwa nyanya ya mama yake, yaani kwako. Unaona hata mimi nachanganya, maana baba alipokwisha kunipa jina lako watu waliacha kujua nani ni nani kati yetu.

Mimi ni mzima. Hoteli bado ina moto na bado mimi ndiye mpishi. Yule Duale anayepeleka ng'ombe Mombasa alikula chapati tisa Jumanne, halafu akauliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Sweta ya Nthenya nimeituma, utaikuta kwa duka la Kiilu hapo Kisasi.

Kuna jambo dogo. Unakumbuka nilichokwambia mwaka juzi, tulipomaliza kumzika mume wangu Kivuva, kwamba nimepimwa damu na nina virusi vya Ukimwi. Sijamwambia mtu mwingine. Sasa sista Mumbua wa kliniki ya hapa anasema mwanamke mwenye virusi hupata saratani ya mlango wa kizazi haraka kuliko wengine. Anasema wakiiona mapema wanaitoa kabla haijawa kitu. Kipimo kiko Kitui mjini, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi. Nilimwambia nitafikiria. Nimefikiria, na siendi. Ugonjwa mmoja unanitosha, sitaki kwenda kuulizia kama kuna mwingine.

Mbula mdogo


Kisasi, Kitui,
6 Aprili 1997

Mke mwenzangu,

Nakuita hivyo kwa sababu marehemu babu yako Nzioka alikuwa akikuita mke wake mdogo, na kwa kweli ulimpikia vizuri kuliko mimi.

Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufundisha kuanza barua kwa kusema "natumai u mzima kama mimi nilivyo." Mimi nina goti bovu na meno manne, kwa hivyo natumai hauko kama mimi. Sweta imefika. Nthenya ameivaa kwa jua kali siku tatu mfululizo ili watoto wa jirani waione. Mbuzi yule mweusi amezaa mapacha, na mzee wa kanisa Musyoka amesema ni baraka kwa sababu mimi hutoa sadaka. Nilimwambia ni kwa sababu ya dume la jirani Ndululu.

Sasa hilo jambo unaloliita dogo. Nashukuru tunaandikiana Kiswahili. Kwa Kikamba maneno ya huko chini yangenichoma mkono, lakini kwa Kiswahili naona ni kama vitu vya mwanamke mwingine, naweza kuvitaja vyote bila kutazama nyuma. Basi sikiliza. Mama yako hawezi kukwambia, ni mama. Shangazi zako wataona haya. Mimi na wewe tunaruhusiwa kuongea chochote, na mwili huo una jina langu, kwa hivyo nina neno la kusema juu yake. Nenda ukapimwe.

Ni mimi, Mbula mkubwa


Mtito Andei,
15 Juni 1997

Kwako Susu,

Shikamoo ya Waswahili, maana hapa barabarani tumejifunza kila kitu. Nimechelewa kujibu. Mwenye hoteli alisafiri akaniachia jiko na duka, na mteja mmoja alitupigia kelele wiki nzima kwamba muthokoi wetu, mahindi yetu ya kukoboa, una mawe. Nilipoenda kuangalia, kumbe ni jino lake lililovunjika. Nthenya amepata namba ngapi mtihani wa muhula? Anaandika kwamba "amejaribu", na mimi nilikuwa nikijaribu hivyohivyo.

Susu, nitakwambia ukweli kuhusu Kitui. Kipimo kile hufanyiwa katika chumba namba saba, na nje yake kuna benchi. Masista walianza kipimo hicho kwa ajili ya wanawake wenye virusi, na mji mzima unajua. Ukikaa kwenye benchi hilo Alhamisi hiyo ni kama umevaa bango shingoni. Mwaka jana mke wa fundi viatu alikaa pale. Kabla hajafika stendi ya basi habari ilikuwa imeshafika kwake nyumbani. Wanawake wa Kisasi wako Kitui kila siku wakiuza maembe na ndengu. Wataniona, na jioni watoto wao watamwambia Nthenya shuleni mama yake ana nini.

Niache nife na kitu kimoja ninachokijua, lakini mtoto wangu asichekwe. Usiniandikie tena kuhusu hilo.

Mbula mdogo


Kisasi,
29 Juni 1997

Mke mwenzangu,

Salamu. Nthenya alikuwa wa kumi na tisa kati ya arobaini na mbili, na alianguka Hisabati kwa kishindo. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, lile goti langu zuri.

Umesema nisiandike kuhusu hilo, basi siandiki. Nitaandika kuhusu meno. Alhamisi nitapanda basi niende Kitui mjini kuonwa meno. Nthenya atabaki kwa Ndululu.

Sina mengine.

Mbula mkubwa


Mtito Andei,
24 Agosti 1997

Kwako Susu mpendwa,

Nakusalimu kwa furaha. Pole kwa meno, ingawa sijui daktari alipata nini cha kuona. Hapa kuna joto na vumbi, na nyani wa Tsavo wameanza kuja nyuma ya jikoni kama wapangaji. Juzi mmoja alibeba sufuria ya maharagwe nzima na hakurudisha hata kifuniko.

Nina habari njema. Nilifikiria maneno yako nikaona una haki. Nilipata lifti ya lori mpaka Voi, ambako hakuna mtu anayenijua, na nikapimwa kile kipimo. Majibu yametoka. Sina kitu, niko safi. Sasa unaweza kulala na kuacha kunisumbua. Mwambie Nthenya namtumia vitabu vya Hisabati, avifungue.

Mbula mdogo


Kisasi,
7 Septemba 1997

Mke mwenzangu,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilisimama nikapiga vigelegele, mpaka mbuzi wakakimbia. Mara ya pili niliketi.

Hapa tu wazima. Musyoka amechaguliwa tena kuwa karani wa kanisa kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, na amelia kwa furaha mbele ya watu. Mawingu yameanza kukusanyika mapema mwaka huu.

Nakuuliza swali moja tu, maana mimi ni mzee na napenda kujua mambo ya kisasa. Walipokupima huko Voi, miguu uliiweka wapi?

Mbula mkubwa


Mtito Andei,
28 Septemba 1997

Kwako Susu,

Salamu nyingi. Vitabu vimekwenda na basi, utavikuta kwa Kiilu.

Swali lako limenichekesha. Miguu niliiweka chini, ningeiweka wapi? Niliketi kwenye kiti, sista akanifunga mpira mkononi, akachoma sindano, akatoa damu kidogo. Haikuuma sana. Ni kama kile kipimo kingine tu. Ulifikiri walinifunga kamba?

Mbula mdogo


Kisasi,
12 Oktoba 1997

Mbula,

Leo sikuiti mke mwenzangu. Salamu utazipata mwisho wa barua kama zitabaki.

Hiyo Alhamisi ya Julai sikwenda kuonwa meno. Nilikwenda chumba namba saba. Nilikaa kwenye benchi lako hilo, na kitambaa changu cha kichwa cha akina mama wa kanisa, ili kila muuza ndengu anione vizuri. Sista mmoja kijana akaniuliza, "Susu, we umekuja kufanya nini hapa?" Nikamwambia nimekuja kwa niaba ya mjukuu wangu, jina letu ni moja, mimi na yeye ni mtu mmoja, wampime kupitia kwangu waandike majibu kwenye kadi yake. Nilikuwa naamini kabisa, na usicheke. Kama jina langu linaweza kukupa hasira zangu na miguu yangu mirefu, kwa nini lisitoshe hapo? Sista akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema haiwezekani, kila mtu na chake. Halafu akasema kwa kuwa nimefika, nipande kitandani nipimwe mimi.

Nikapanda. Na sasa nitakwambia miguu inawekwa wapi, Mbula, maana hukujua. Inawekwa juu, huku na huku, kwenye vyuma viwili, na wewe umelala chali ukitazama dari. Wanaingiza chuma baridi kama mdomo wa bata. Wanagusa kwa kijiti cha mti, wanapaka kwenye kioo kidogo, wanapeleka Nairobi. Hakuna sindano, na mkononi hawakugusi. Nilizaa watoto saba nyumbani na hakuna mtu aliyewahi kuwasha taa huko. Nilimwomba Mungu ageuke atazame upande mwingine, na nadhani aligeuka.

Ulinidanganya. Inaniuma, na sitasema haiumi. Nilishapiga vigelegele vyangu na siwezi kuvirudisha.

Lakini nilipokuwa kwenye benchi niliona jambo. Tulikuwa watano, na wanne walikuwa wamejifunika khanga mpaka machoni. Hapo nikajua hukuwa unatafuta visingizio. Benchi lenyewe ndilo baya. Kwa hivyo Jumapili iliyopita, saa ya matangazo, nilisimama kanisani. Musyoka akaniuliza tangazo langu linahusu nini, aliandike. Nikamwambia linahusu mlango aliopitia yeye akija duniani. Kalamu ikamtoka mkononi. Nikawaambia akina mama kwamba kila mwanamke, awe na ugonjwa au asiwe nao, anastahili kutazamwa huko, na mimi mzee wa miaka sabini na mmoja nimetazamwa na sijafa. Pasta alianzisha wimbo ili nikae. Nikangoja wauimbe mpaka ubeti wa mwisho, halafu nikaendelea.

Wamejiandikisha kumi na tisa. Tunakwenda wote Alhamisi tarehe nne Desemba. Benchi litajaa wake za wazee wa kanisa, na hakuna mtu duniani atakayejua nani ana nini. Wewe utakaa katikati. Njoo.

Salamu hazikubaki.

Mbula mkubwa


Mtito Andei,
20 Januari 1998

Kwako Susu,

Barua yako ya Oktoba imenifikia Jumamosi, tarehe kumi na saba Januari. Sijui kama hata huko Kisasi mliona mvua tuliyoiona sisi. Barabara ya Mombasa ilikatika, madaraja yakaenda na maji, malori yakalala hapa siku kumi na moja. Tulipika mpaka tukamaliza kuku, tukamaliza maharagwe, tukaanza kuwaangalia wale nyani kwa macho mengine. Kifuko cha barua kilikaa mahali pamoja na nyanya zilizooza, ndiyo maana karatasi yako inanuka hivyo.

Susu, nimeisoma nimesimama jikoni na nikaunguza chapati. Ni kweli, nilidanganya. Sikwenda Voi, sikwenda popote. Niliogopa benchi, na nikaogopa zaidi ya benchi. Usiku wa kumzika Kivuva nilijiambia nitaishi mpaka Nthenya amalize darasa la nane, na sikutaka mtu mwenye koti jeupe aniambie kwamba hata hiyo siipati. Nisamehe vigelegele vyako.

Desemba nne imepita na mimi sikujua. Mlikwenda? Mlinisubiri? Na kipimo chako, majibu yake yalisemaje?

Mbula mdogo


Kisasi,
1 Februari 1998

Mke mwenzangu,

Nimekurudishia cheo chako.

Mvua tuliiona. Iliangusha choo cha Musyoka yeye akiwa ametoka humo dakika moja tu, na ametoa ushuhuda wa jambo hilo Jumapili tatu. Nthenya amefika darasa la saba na amekuwa wa nane. Vile vitabu alivifungua.

Desemba tulikwenda. Kati ya kumi na tisa walifika kumi na saba. Basi lilikwama njiani, tukashuka akina mama wote tukalisukuma kwa nyimbo za injili na maneno mengine ambayo si ya injili. Tulifika tumepakwa tope mpaka kwapani. Tulijaza lile benchi mpaka waliojifunika khanga wakakosa pa kukaa, tukakaribia kuwapakata. Mke wa pasta alikaa wa kwanza. Nilikuwekea nafasi, niliweka kikapu changu katikati na nikakataa mtu asikae. Kikapu kilikaa mpaka saa kumi. Tulipoondoka nilikibeba nikalia ndani ya basi, na nikasema ni goti.

Tunarudi Alhamisi tarehe tano Machi, wale ambao hawakumaliziwa na wengine wapya. Nitaweka kikapu tena.

Hayo mengine uliyouliza si ya haraka.

Mbula mkubwa


Mtito Andei,
10 Mei 1998

Kwako Susu,

Nimefika salama kutoka hospitali. Daktari alisema nisiinue vitu vizito, kwa hivyo mwenye hoteli amelazimika kuinua sufuria mwenyewe, na ametambua leo kwamba chakula kina uzito. Duale ameniletea maziwa ya ngamia kutoka kwa dada zake. Akaniuliza nilikuwa naumwa nini. Nikamwambia mambo ya wanawake, akakimbia mpaka kwenye lori.

Nakuandikia kwa sababu mengine siwezi kukwambia uso kwa uso, hata sisi tunaoruhusiwa kuongea chochote. Siku ile ya Machi nilipofika kwenye kona na kuona benchi limejaa vitambaa vya kanisa, na kikapu chako katikati kimekaa kama mgeni wa heshima, miguu yangu ndiyo iliyotembea, mimi nilishakata tamaa. Mke wa pasta alinipa ndizi. Muuza ndengu mmoja wa Kisasi alipita, akatuangalia wote, akauliza kama ni mkutano wa maombi. Ukamjibu ndiyo, tunaombea mlango.

Na majibu yalipokuja mwezi wa nne yakisema kuna mahali pameanza kuharibika, ulikuwa umekaa karibu yangu na hukusema neno hata moja, wewe. Mahali hapo pamekatwa, pametolewa. Daktari alisema haikuwa saratani bado, ilikuwa njiani, na ningengoja mwaka mwingine au miwili angekuwa anasema mengine. Nirudi Novemba anitazame tena, na kila mwaka baada ya hapo. Virusi viko palepale, Susu, najua. Lakini darasa la nane la Nthenya ni mwaka ujao, na sasa nauona.

Sasa zamu yangu. Ulipokwenda kuninunulia uji, yule sista kijana aliniambia kwamba siku ya majibu ulimfuata ofisini mkagombana kuhusu bahasha. Hakuniambia zaidi, alisema nikuulize. Nimekuuliza majibu yako mara tatu, ukanijibu choo cha Musyoka. Tangu nitoke hospitali silali nikiwaza kwamba umebeba kitu kibaya mwaka mzima na unanitania juu yake. Wewe ulinishika kwa swali moja. Na mimi nina moja. Kipimo chako kilisemaje?

Mbula mdogo


Kisasi,
24 Mei 1998

Mke mwenzangu,

Nthenya anakusalimu. Ameandika barua yake mwenyewe, nimeiweka humu ndani, na sijaisoma zaidi ya mara moja.

Kipimo changu kilitoka safi. Kilitoka safi Septemba ya mwaka jana, na sista akaniambia kwa umri wangu nisirudi tena. Hicho ndicho nilichokuficha. Hakuna kitu kibaya nilichobeba. Niliona haya, Mbula. Mimi nimeishi, nimezaa, nimezika mume, mbuzi wangu wanajua kwenda malishoni bila mimi. Huko hakuna tena mtu anayeingia wala anayetoka, na pako safi kama kanisa siku ya Jumatatu. Ningekuandikiaje hivyo wakati wewe mwenye mtoto wa kulea unaogopa hata kukaa kwenye benchi?

Na siku ile ya majibu yako, nilipokwambia naenda chooni, nilikwenda kwa sista. Nilimwambia atazame tena kwenye makabati yake. Nilimwambia Mbula ni wawili, jina ni moja, kijiji ni kimoja, labda walibadilisha bahasha, hii mbaya ni ya mzee na ile safi ya mwaka jana ni ya kijana. Akanionyesha kwamba kadi zina namba. Nikamwambia namba ni za watu wa Nairobi, sisi tunatumia majina. Akanionyesha tarehe. Nikamwambia basi hata kama hazikubadilishwa, azibadilishe sasa, mimi naweka kidole. Ndipo tukagombana. Mwishowe alinishika mabega akaniambia, "Susu, hii yake inatibika. Acha tuitibu." Nikanawa uso nikarudi kukaa karibu yako, na ndiyo maana sikuwa na neno.

Basi sasa unajua na nimebaki sina siri hata ya kuringia.

Novemba Alhamisi ya kwanza ni tarehe tano. Akina mama wa kanisa la pale ng'ambo ya mto nao wamejiandikisha, kwa hivyo nitatoka na basi la kwanza kabla hawajamaliza benchi lote. Kikapu nimekishona mkono uliokatika. Mimi kupimwa sitapimwa, nitakaa tu. Lakini usipotokea, nitaingia mle ndani nitapanda kile kitanda, miguu juu, na nitawaambia mimi ndiye Mbula wa Mtito Andei, nina miaka thelathini na tatu, wanitazame vizuri.

Mbula mkubwa